Bastola mbili, gomesi moja, na kijana wa kaunta

Nianze na tumbo langu, maana ndilo lililoelekezewa mtutu.

Duka liko Kampala. Jina silitaji, na wenyewe hawana hata kibao nje. Unapita mlango wa chuma, unapita mwingine, askari anakupapasa, simu unaiacha kwake, ndipo unafika kwenye kaunta. Nilikuwa nimetoka Busia alfajiri, nimevaa gomesi, lile gauni letu refu lenye mabega yaliyochongoka na mshipi, kwa sababu jioni nilitakiwa msibani Mukono. Kijana wa kaunta akaniangalia kuanzia mabega ya gomesi hadi kwenye ndala, akauliza, "Nyabo, mzee yuko wapi?"

Mzee gani?

"Mwenye leseni."

Mwenye leseni nilikuwa mimi. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, niliipata mimi, na ile safari ya kutoka ofisi ya DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, hadi kwa watu wa usalama wa wilaya, na kuulizwa na daktari kama huwa nasikia sauti usiku, na mafunzo, na benchi la makao makuu ya polisi Naguru ambalo nalijua kuliko benchi la kanisani kwetu, yote ni miguu hii. Ilichukua miezi ambayo niliacha kuihesabu. Mzee wa nyumba alishatangulia mbele za haki, na hata alipokuwapo alikuwa akiogopa fataki za mwaka mpya.

Kijana hakuomba radhi. Alivuta droo, akatoa bastola ndogo nyeusi, akasema, "Basi hii ndiyo ya akina mama. Inaingia kwenye mkoba pamoja na lipustiki." Hakutoa magazini, kile kibweta cha risasi. Hakurudisha nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, aangalie chemba, mle risasi inamokaa tayari kufyatuliwa. Akaninyooshea hivyo hivyo kama anayerudisha chenji, mtutu ukiangalia pale mshipi wa gomesi unapofungwa.

Nikaruka pembeni. Yeye akacheka. "Usiogope nyabo, haina kitu."

Mafunzo yangu niliyapata kwa afande mmoja mstaafu, mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi ni ya ukali. Siku ya kwanza alituambia kwamba bastola tupu ni ile uliyoifungua mwenyewe ukaona kwa macho yako, na hata ukishaona, mtutu hauelekezwi kwa mtu. Mwanafunzi mwenzangu aliigeuza yake kidogo tu ili aulize swali, akarudishwa nyumbani siku hiyo. Sasa hapa mtu anayezishika kila siku, anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo, ananielekezea tumbo na kucheka. Nikamwambia afungue. Akavuta slaidi kwa madaha. Kweli ilikuwa tupu, na hapo ndipo hasira ilipozidi, maana sasa alikuwa na ushahidi kwamba mama wa gomesi ni mwoga.

Ningeondoka. Sikuondoka kwa sababu kibali nilikuwa nacho mkononi, na maduka ya aina hii nchini si kama ya vitenge kwamba ukikosa hapa unavuka barabara.

Sababu ya kutaka bastola ni fupi. Nanunua mahindi na soya vijijini, Namayingo, Bugiri, hadi upande wa Tororo. Watu wa mjini wanasema lipa kwa simu. Nenda kijijini wakati wa mavuno uone kama wakala ana floti ya kulipia magunia arobaini. Mkulima anataka noti, na noti zinabebwa na mtu. Msimu uliopita, au ule wa kabla yake, dereva wangu alisimamishwa usiku na watu wenye mapanga, wakachukua pesa, wakachukua na viatu vyake. Viatu ndivyo vilivyonikera zaidi.

Niliyoitaka mimi ni Glock 17, ile ya ukubwa kamili. Nilifunzwa na bastola ya ukubwa huo, mkono wangu unaijua. Kabla ya kulipa nikaomba nizifyatue zote mbili, kubwa na kale kadogo. Kijana hakutaka. Alisema hakuna mteja anayefanya hivyo, nikajibu kwamba hakuna mteja anayenunua hata debe la maharage bila kutia mkono ndani. Tulivutana mpaka mkubwa wake akatoka ofisini, na siku nyingine tukaenda uwanja wa shabaha nje ya mji pamoja na askari wa kusimamia.

Kubwa ilikuwa kama nilivyotarajia. Uzito wake unatulia kwenye kiganja, vidole vyote vina mahali pa kukaa, na ikipiga inakusukuma tu, kama ndama anayetaka kupita. Risasi zangu zilikaa karibu karibu, si za sifa, lakini hata mbaya kabisa ingemtosha mtu aliye umbali wa mlango na kitanda.

Kadogo sasa. (Afande ndiye aliyekuwa akiziita hivyo bastola ndogo zote, halafu ananyamaza kidogo. Kwetu neno hilo lina mzigo wake. Waliopita Luwero wakati wa vita vya msituni wanawajua watoto askari walioitwa kadogo.) Kwanza slaidi ilikataa kurudi. Bastola ndogo ina springi fupi na ngumu, na pa kushika ni padogo, kwa hiyo ukiibana kwa kidole gumba na cha shahada kama unavyofungua kifuniko cha soda, utachubuka bure. Nikaivuta. Nikapiga. Risasi ni ile ile ya milimita 9 inayoingia kwenye kubwa, ila sasa inatoka kwenye kitu chepesi, kwa hiyo teke lote linaishia kwenye mkono wako. Kidole cha mwisho kilikuwa kinaning'inia hewani, hakina pa kushika. Risasi ya tatu ikakwama: ganda la risasi iliyopigwa limesimama wima mlangoni pake pa kutokea kama kumbikumbi aliyebanwa mbawa. Nikaliondoa. Mbili zikapita, likakwama tena. Halafu tena.

Kijana akamwambia askari, si mimi, askari: "Mikono hiyo ni ya kusonga posho."

Ndiyo, inasonga posho. Pia inashika gunia upande mmoja, utingo upande wa pili, tukalirusha juu ya lori. Nilimwambia hayo na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu wajukuu wangu wanasoma.

Jioni nikampigia afande. Akaniuliza swali moja: kiwiko na kifundo cha mkono vilikuwa vimekaza? Nikafikiri. Havikukaza. Nilikuwa naishika kwa hofu ya kuumia, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Akanieleza kwamba slaidi inahitaji mwili wa bastola usimame imara ili yenyewe irudi nyuma hadi mwisho na kulitupa ganda. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi pamoja na slaidi, nguvu inapotea njiani, ganda linabaki mlangoni. Kwenye bastola kubwa uzito wenyewe unakusaidia, kosa hilo linaweza kusamehewa. Ndogo haisamehi. Na slaidi, akasema, ikamate kwa kiganja kizima kutoka juu, halafu mkono wenye bastola uusukume mbele badala ya kuvuta tu nyuma.

Kwa hiyo kosa lilikuwa langu, bastola haikuwa na ubaya wowote. Sawa. Lakini sentensi mbili! Maelezo hayo ni sentensi mbili, na yule kijana alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu akiangalia magazini nzima ikiisha vibaya. Ama hakujua, na kama hajui anauza nini pale? Ama alijua akaona raha kunyamaza. Mpaka leo sijaamua lipi ni baya zaidi.

Na hili la kusema ndogo ni ya akina mama nataka lifike mahali. Mtu mgeni wa silaha, mwanamke au mwanamume, ukimpa ndogo kwanza unampa mtihani wa darasa la saba siku ya kwanza ya shule. Inapiga mkono teke, vilengeo vyake, cha mbele na cha nyuma, viko karibu mno hivi kwamba ukikosea kidogo kwenye macho unakosea sana kwenye shabaha, na inachosha kufanyia mazoezi. Ndogo ni ya mtu ambaye tayari anajua. Wanaume wangapi wameuziwa kubwa kwa sababu ya masharubu tu, sijui, lakini mimi nusura niuziwe ndogo kwa sababu ya gomesi.

Nikanunua kubwa. Nusu kwa sababu nilipiga nayo vizuri, nusu kwa hasira. Bei yake inashinda bodaboda mpya. Haikutoka siku hiyo, kwanza ilipelekwa kuchukuliwa alama: inafyatuliwa, ganda na risasi vinahifadhiwa, ili siku ikitumika vibaya ijulikane ni ya nani. Utaratibu huo ulishika kasi 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa, na sina ugomvi nao. Wale wa alama walinihudumia vizuri, mmoja akaniita mama na kunitafutia kiti. Naandika hilo kwa sababu nikikasirika huwa nasahau kuandika mema.

Sasa sehemu ambayo sikupenda kuiandika.

Kubwa haikai mwilini mwangu. Niliifunga kiunoni kwa ala nzuri ya ngozi, chini ya gomesi, nikajiangalia kwenye kioo nimesimama, nikaona safi. Lakini mwanamke wa kwetu hasimami siku nzima. Ndani ya pikapu inanichoma mbavu kutoka Bugiri hadi Iganga. Halafu likaja tanga la shemeji yangu. Nikafika kwa wazee, nikapiga magoti kusalimia kama inavyotakiwa, na nilipoinama mpini ukainuka na kusukuma kitambaa nje kama kiwiko cha mtu aliyejificha mle ndani. Shangazi akanisogelea akanong'ona, "Umebeba mchi?" Nikamwambia ni mkanda wa mgongo. Akanipa pole na jina la dawa ya kuchua.

Nililolijifunza siku ile sikulijua nilipokuwa dukani: kinachofichua bastola ni mpini. Mtutu mrefu unalala na paja, hakuna anayeuona. Mpini ndio unaochomoza kando, na hapo ndipo ndogo inaposhinda, ule ule ufupi ulioniachia kidole kikining'inia. Na kuificha si urembo. Hapa kwetu ukionekana na bastola matangani, kesho kijiji kizima kinajua una pesa, na polisi wanajua una majivuno. Leseni nyingine zimepotelea hapo.

Basi nikaanza kuiacha kwenye sefu. Leo naiacha kwa sababu kuna harusi, kesho kwa sababu ya joto, mwisho nikajikuta naenda kununua mahindi na noti kiunoni na bastola nyumbani. Hapo bastola nzuri inanisaidia nini?

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi? Hapana. Ngoja. Alikuwa sahihi kuhusu ndogo na amekosea kila kitu kingine. Alisema mkobani. Mkoba ndicho kitu cha kwanza mwizi wa Kampala anachokwapua, dirisha la taksi likiwa wazi sekunde tatu tu. Nimkabidhi bastola ambayo alama zake ziko kwenye faili lenye jina langu? Na mjukuu akitafuta peremende? Na lipustiki, aliyoisema kwa kucheka, ikiingia mbele ya triga? Ndogo ni ya kiunoni, ndani ya ala ngumu inayofunika triga yote, mahali ambapo mkono wako unafika na wa mwingine haufiki. Angesema hivyo, ningemsikiliza, na leo ningekuwa na kitu kinachonifaa badala ya hiki kinacholinda sefu.

Majuzi nilirudi uwanjani na afande, akanipa ndogo ya mwanafunzi mwingine. Nikakaza mkono, nikavuta slaidi kwa kiganja. Risasi hamsini, haikukwama hata moja. Kiganja kiliwaka moto na shabaha yangu ilitawanyika kuliko ninavyopiga na kubwa, lakini zilitoka zote. Afande akasema "haya," na kwake hiyo ni hotuba.

Nilikuwa nimepanga kulipatia duka nyota sifuri. Bidhaa nzuri, nilifikishiwa kila karatasi, mkubwa wa duka aliniruhusu kujaribu, basi nyota tatu. Nikikumbuka tumbo langu narudi kwenye moja. Wacha iwe moja.

Glock 17 sijutii, kwa nyumbani sitaki nyingine, na anayetaka moja tu, na ambaye hana haja ya kulala vijijini na noti, aanze nayo. Mimi naomba ndogo. Nimeambiwa nianze upya, kutoka kwa LC1. Mwenyekiti wetu anasema muhuri ameuacha kwa mke mdogo, Malaba, na mke mdogo hapokei simu. Na duka, kama hakuna lingine, nitaenda lile lile, na gomesi ile ile. Nitasimama pembeni ya kaunta mpaka nione chemba.