Miezi kumi na moja na rauta ya 4G, steshenari ya Ngamiani

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Ni chumba kimoja: kompyuta mbili, printa ya leza, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Madaftari na kalamu nauza, ila kinacholipa kodi ya pango ni fomu za mtandaoni. Vijana wanaomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, wazazi wanahakiki vyeti vya kuzaliwa RITA, wafanyabiashara wanataka namba ya malipo ya kodi ya TRA, wengine wanaomba vyuo, wengine ajira. Kwa hiyo ninapoizungumzia rauta hii, kiboksi kinachoniletea intaneti kwa laini ya simu, naizungumzia kama fundi cherehani anavyoizungumzia cherehani yake. Ikisimama, nami nimesimama.

Niliinunua mwezi wa sita mwaka jana kwa shilingi 110,000, pamoja na kifurushi cha nyumbani cha shilingi 70,000 kwa mwezi, kasi ya hadi Mbps 20 (Mbps ni kipimo cha kasi ya mtandao). Kabla ya hapo nilikuwa nawasha hotspoti ya simu, simu inachemka, na mtu akinipigia wateja wote wanakwama. Jina la kampuni naliacha. Rauta hizi za kuweka laini zimeshabihiana sana, na niliyoyapata mimi mwenzangu wa mtandao mwingine atayapata vilevile.

Mwanzoni niliifurahia kweli. Mwezi wa nane ndio ulionifundisha. Alikuja bibi mmoja kutoka Muheza na mjukuu wake aliyemaliza kidato cha sita. Fomu ya mkopo ilikuwa tayari: mdhamini amesaini, muhuri wa serikali ya mtaa upo, wa kamishna wa viapo upo. Kilichobaki ni kuskani na kuipakia kwenye mfumo. Ilikuwa kama saa moja jioni. Nikaipakia, duara likazunguka, likazunguka, ukurasa ukakatika. Mara ya pili vilevile. Mara ya nne bibi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, gari la mwisho la Muheza linaondoka saa ngapi vile?" Nikamwambia, "Bibi nendeni, msije mkalala njiani. Alfajiri naimaliza na nitakupigia." Nikaamka saa kumi na moja, nikaipakia, ikaingia chini ya dakika moja. Nilimpigia bibi kabla jua halijachomoza. Lakini moyo uliniuma, maana mtoto wa watu alikuwa amelala na wasiwasi usiku mzima kwa jambo la dakika moja. Siku ile ndipo nilipoanza kuichunguza rauta yangu kwa daftari na kalamu.

La kwanza nililolijua ni kwamba ile 20 ya kwenye bango ni kasi ya kupakua tu. Ukifungua video, ukisoma habari, ukishusha fomu, hapo unapakua. Kazi yangu mimi ni ya kupakia, na kasi ya kupakia hakuna bango linaloitaja. Nilipima wiki nzima. Saa moja asubuhi nilipata wastani wa 18 kupakua na 6 kupakia. Saa mbili usiku, watu wote wamerudi nyumbani na simu mkononi, nikapata 4 kupakua na 0.6 kupakia. Fomu iliyoskaniwa yenye MB 6 inataka sekunde nane asubuhi. Usiku inataka zaidi ya dakika moja, ikiwa haikukatika njiani. Na hapo ujue kwamba Mbps si MB: unagawa kwa nane. Kifurushi cha Mbps 20, kikifika kileleni, kinakushushia MB 2.5 kwa sekunde. Wateja wangu wengi hapa ndipo wanapodhani wameibiwa.

Tangu hapo naskani kwa dpi 150 (dpi ni wingi wa nukta za picha, zikizidi faili linakuwa zito), rangi ya kijivu. Muhuri unasomeka, saini inasomeka, na faili la MB 6 linarudi chini ya MB 1. Ukiwa una steshenari na unaskani kila kitu kwa dpi 600 yenye rangi, badilisha leo, utaona tofauti hata bila kununua kifaa kingine.

La pili ni mahali pa kuiweka, na hili nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo lililoniokolea pesa. Rauta yangu ilikuwa kwenye shelfu la chuma nyuma yangu, katikati ya rimu za karatasi, juu kuna paa la bati. Taa za mtandao zilikuwa mbili kati ya nne. Nilirudi duka nilikoinunua nikilalamika, na binti mmoja wa pale, mpole, akanifundisha kitu ambacho hakuna aliyeniambia siku ya kununua. Unafungua kivinjari, unaandika namba zilizobandikwa chini ya rauta, kwangu ni 192.168.8.1, unaingia kwa nywila iliyo palepale, unatafuta sehemu ya taarifa za kifaa. Kuna herufi RSRP na namba yenye hasi mbele. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo rauta inavyousikia mnara vizuri. Yangu ilikuwa -111. Akasema, "Mama, ukiona imepita mia moja na kumi hapo rauta inausikia mnara kwa taabu. Izungushe chumbani mpaka upate mahali pake."

Nikafanya hivyo jioni nimefunga duka. Juu ya fotokopi, -109. Mezani, -106. Karibu na mlango, -101. Dirishani, upande unaotazama mnara, juu ya tofali mbili, -94. Taa zikawaka zote nne. Ni hatua tano tu kutoka pale ilipokuwa, na kasi ya usiku ikapanda kutoka 4 mpaka 9, ya kupakia ikafika 2 na kitu. Nilikuwa nimeshakaribia kununua antena ya nje. Sikuihitaji.

Ila dirishani kuna jua. Joto la Tanga mnalijua, na mwezi wa kwanza na wa pili linazidi. Rauta ilichemka mpaka ikawa inajizima saa nane mchana. Nikaitengenezea kiubao cha mbao chenye miguu ili hewa ipite chini, nikatundika pazia jepesi la kitambaa dirishani. Kitambaa hakizuii mtandao, bati ndilo linalozuia. Haijajizima tena.

Sasa nifike kwenye neno "bila kikomo". Kijana aliyeniuzia nilimuuliza mara mbili, naye mara mbili akanijibu, "Haina kikomo, mama, tumia utakavyo." Tarehe 19 ya mwezi wa pili mtandao ukawa mzito kutwa nzima, hata asubuhi. Kupiga huduma kwa wateja nikaambiwa zima, subiri, washa. Nikazima, nikasubiri, nikawasha. Siku ya tatu ndipo mhudumu mwingine aliponiambia ukweli: ukifikisha GB 150 kasi inashushwa hadi Mbps 2 mpaka mwezi uishe. Wanaita matumizi ya haki. Imeandikwa, ndiyo, nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo kuliko za kwenye dawa. Faili la MB 300 ambalo lingeshuka kwa dakika mbili linakuchukua dakika ishirini. Mimi sina ugomvi na kuwekewa kiwango. Mnara ni mmoja na sisi ni wengi, lazima tugawane. Ninachokidai ni kuambiwa wazi nikiwa bado sijatoa pesa. Mtu anayeuza kwa kusema "tumia utakavyo" kwa mama anayeendesha duka anajua anachokifanya, na si haki.

Nilijiuliza GB 150 zimekwenda wapi, maana fomu ni vitu vyepesi. Nikarudi kwenye ukurasa uleule wa rauta, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa kumi na moja, na mimi na msaidizi wangu tuna vinne. Nywila nilikuwa nimempa mteja mmoja, naye akampa mwenzake, na jioni vijana walikuwa wanakaa barazani kwangu wanaangalia mpira. Niliongea nao vizuri, nikabadilisha nywila, nikaanzisha mtandao wa wageni wenye nywila yake, ninaouzima nikifunga duka. Kompyuta nazo zilikuwa zinajisasisha zenyewe kila wiki. Kwenye Windows kuna sehemu ya kuifanya Wi-Fi ihesabike kuwa ya kulipia kwa kipimo, ukiiwasha masasisho mengi yanasubiri. Na simu ya mwanangu ilikuwa inapandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni kila akiingia dukani. Tulipoyafunga hayo matatu, mwezi uliofuata nikamaliza na GB 88.

Rauta ina Wi-Fi mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Hili nipite haraka: kompyuta zilizo karibu nimeziweka kwenye 5 kwa sababu ina kasi zaidi, simu na printa ziko kwenye 2.4 kwa sababu inapenya ukuta. Basi.

Kuna siku tatizo si la rauta wala la kampuni yako. Jumapili ya Mei 12, 2024, kabla sijainunua hii, nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoguswa sana. Nilihangaika na simu yangu kutwa, nikaizima na kuiwasha kana kwamba imeharibika. Siku hizi kabla ya kugusa chochote naangalia RSRP kwanza. Ikiwa namba iko palepale na mtandao haupo, kosa liko mbali na duka langu, na namwambia mteja hivyo bila kumpotezea muda.

Umeme nao. Ukikatika, laptopu ina betri yake lakini rauta inakufa. Nilinunua mwezi wa tisa kibetri cha rauta, wengine wanakiita UPS ndogo, shilingi 65,000. Ni kiboksi kama kitabu cha kurasa mia, unakichomeka katikati ya adapta na rauta. Kina matundu ya 5V, 9V na 12V, na hapa tafadhali muwe makini: soma chini ya rauta yako. Yangu imeandikwa 12V 1A. Jirani yangu wa duka la vipodozi aliichomeka rauta yake ya 9V kwenye tundu la 12V, ikaungua.

Kwenye boksi wameandika 8,800 mAh, yaani uwezo wa betri. Namba hiyo ni ya betri za ndani zenye 3.7V, siyo ya 12V inayotoka. Zidisha 8.8 kwa 3.7, unapata kama Wh 32, yaani umeme wa kuendesha kifaa cha wati 32 kwa saa moja. Rauta yangu inakula kama wati 8. Kwa hesabu hiyo ni saa nne, nami nilipima nikapata saa tatu na dakika hamsini, kwa hiyo muuzaji hakunidanganya. Baada ya miezi minane inakaa saa mbili na nusu. Kwa pesa ile nimeridhika. Umeme ukikatika bado najaza fomu na kuzipakia. Kuchapisha ndiyo siwezi, printa ya leza inavuta moto mwingi, usithubutu kuichomeka kwenye kibetri cha aina hii. Wateja wamezoea. Wanasema, "Dada, tujazie tu, karatasi tutafuata umeme ukirudi."

Je, ningeinunua tena rauta hii? Ndiyo, kwa duka la watu wawili watatu na fomu za kutwa nzima inatosha. Kwa mwenye kufundisha kwa video usiku, au familia ya watoto wanne wenye simu, ningemwambia ajiulize mara mbili, na kama faiba, intaneti ya waya, imefika mtaani kwake aanzie huko.

Nimalizie na adapta, iliyokufa mwezi wa tatu mwaka huu. Asubuhi moja taa haziwaki, kibetri kimeisha, na adapta ni ya baridi mkononi. Kwa fundi niliambiwa 25,000 kwa adapta ya kubahatisha. Nikakumbuka rauta ina waranti ya mwaka mmoja, nikaenda dukani walikoniuzia. Wakataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Risiti zile zinachapwa kwa joto, na yangu niliyokuwa nimeiweka kwenye droo ilikuwa imeshakuwa nyeupe pe, hata tarehe haionekani. Lakini siku ile ile ya kununua nilikuwa nimeitoa fotokopi, nikaipanchi kwenye faili la duka. Nikaifungua faili kaunta, binti yule mpole akaiangalia tarehe, akaingia ndani, akatoka na adapta mpya.