Seli za ngozi za wenye kisukari: tathmini kwa wanaofanya kazi maabara Dodoma

Bidhaa ninayoitathmini ni fibroblasti, yaani seli zinazojenga tabaka la ndani la ngozi, zilizotolewa kwa mchangiaji mwenye kisukari cha aina ya pili na kuuzwa zikiwa zimegandishwa na kampuni moja ya ng'ambo. Kwa maabara inayochunguza kwa nini vidonda vya miguu vya wagonjwa hawa huchelewa kupona, zinafaa kununuliwa, mradi mnunuzi aisome karatasi ya mchangiaji kabla ya kulipa.

Seli husafirishwa kwa barafu kavu, ambayo ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri na hugeuka gesi moja kwa moja, hivyo kila siku ya kusubiri vibali Dar es Salaam huipunguza. Kasha letu lilifika Dodoma likiwa na vipande vichache tu. Vibali vikamilike mapema, na tangi la nitrojeni kimiminika liwe tayari, kwani friza ya kawaida ya maabara haizifai seli hizi kwa muda mrefu.

Seli zenyewe sina ugomvi nazo. Tuliziyeyusha kwenye maji ya nyuzi 37 mpaka kikabaki kipunje cha barafu, na kesho yake zilikuwa zimeshika chini ya flaski, ndefu na nyembamba kama inavyotakiwa. Tulipokwaruza mstari katikati ya tabaka lao kwa ncha ya pipeti, seli za mtu asiye na kisukari ziliziba mwanya ilhali hizi zikisuasua, na tofauti hiyo ndiyo tuliyoilipia. Mnunuzi aangalie pia midia, yaani kimiminika chenye virutubisho cha kukuzia seli: ile iitwayo DMEM huuzwa ikiwa na glukosi ya milimoli 5.5 kwa lita, kiwango kinachokaribia damu ya mtu mwenye afya, au milimoli 25, na anayekuza seli za kulinganishia katika hiyo ya pili anazilowesha kwenye sukari ya mgonjwa.

Kasoro kubwa iko kwenye karatasi. Inataja umri, jinsia, aina ya kisukari na kwamba vipimo vya VVU na homa ya ini B na C havikuonyesha maambukizi. Haitaji mchangiaji ameugua miaka mingapi, anatumia dawa gani, wastani wa sukari yake, wala ngozi ilikatwa sehemu gani ya mwili, ingawa ngozi ya tumbo ya mtu aliyegunduliwa juzi haiwezi kujibu swali la unyayo uliokufa ganzi. Tuliandika kuuliza, tukajibiwa kwamba taarifa hizo hazipo. Kuhusu ridhaa walikuwa wepesi zaidi, na maelezo yao yaliitosheleza kamati yetu ya maadili.

Kwa fedha ileile, vichupa vya wachangiaji kadhaa ni bora kuliko vingi vya mmoja, tena vitumike mapema, maana seli hizi huzeeka kadiri zinavyogawanyika. Wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji wa miguu tunao hapahapa, na faili zao zina kila kisichokuwemo kwenye karatasi ile. Ningependa fungu la fedha linalofuata litumike kuomba ridhaa yao.