Chaja za haraka za safari ndefu: nilichomeka mara 13, umeme ukaingia mara 8

Saa nne kasoro usiku, betri ya gari langu la umeme ikiwa imebaki na asilimia 9, niliegesha kwenye kituo cha kuchajia chenye mashine mbili. Programu ya simu ilikuwa imezionyesha zote kwa rangi ya kijani, yaani nzima na hazina mtu. Ya kwanza skrini yake ilikuwa nyeusi. Ya pili iliwaka, ikanitaka nichomeke plagi, ikakaa kimya dakika moja na nusu, halafu ikaandika "hitilafu ya mawasiliano". Nikarudia. Jibu likawa lile lile. Kwenye kiti cha nyuma mama yangu alikuwa amesinzia, na binti yangu wa miaka tisa anauliza kwa nini hatuondoki. Kituo kingine kilikuwa kilomita 48 mbele. Asilimia 9 ya betri yangu ni kilomita 35 hivi, tena ukienda taratibu.

Tathmini hii naiandika kuhusu mtandao wa vituo vya kuchajia, yaani kampuni yenye kituo hicho. Jina naliacha, kwa sababu shida kama hizi nimezikuta kwa mitandao mingine pia, na ninachotaka kieleweke ni aina ya shida yenyewe.

Gari langu lina betri ya kilowati-saa 77 (ndio ujazo wake), plagi ya CCS2 (aina mojawapo ya plagi za kuchajia haraka), mfumo wa volti 400, na linapokea umeme kwa kasi ya hadi kilowati 135. Njia ilikuwa kilomita 860 kwenda na 860 kurudi. Kila nilipochomeka niliandika kwenye daftari: saa, asilimia ya betri, kilowati zilizoingia, na kama mashine ilikubali mara ya kwanza. Jumla nilichomeka mara 13. Mara 8 umeme uliingia bila shida. Mara 3 ulikataa kabisa, na mara 2 ulianza ukakatika kabla ya dakika tano.

Nirudi kwenye usiku ule, kwa sababu ndio ulionifundisha. Nilipiga namba ya msaada iliyobandikwa kwenye mashine. Dada wa zamu alipokea baada ya dakika 11, mpole, anajua kazi yake. Akaniomba nisome namba ya ubavuni. Nikamuuliza, "Dada, kwako huko hizi mashine zinaonekanaje?" Akajibu, "Kaka, zote mbili zinaonekana nzima."

Hapo ndipo nilipoelewa ile rangi ya kijani inasema nini. Inasema mashine imepeleka salamu kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, na seva imeitikia. Haisemi kwamba umeme utafika kwenye betri yako. Kati ya salamu hiyo na umeme kuna hatua nyingi. Plagi ikiingia, gari na mashine huzungumza kupitia pini ndogo iliyo ndani ya plagi: gari linataja volti na ampea linazoweza kupokea, mashine inapima kama hakuna umeme unaovuja, inapandisha volti zake zilingane na za betri, ndipo swichi kubwa zilizo ndani ya gari zinajifunga na umeme unaanza kupita. Hatua moja ikikwama, yote yanavunjika na unaanza upya. Skrini ikifa, kisoma kadi kikifa, pini ikiingia mchanga, mashine inaendelea kutuma salamu zake kama kawaida.

Yule dada aliizima na kuiwasha mashine ya pili akiwa huko huko aliko. Ilichukua dakika sita. Kisha akasema neno ambalo sijaliona kwenye maelekezo yoyote: "Inua kichwa cha plagi kwa mkono, usikiachie mpaka usikie mlio wa kufunga." Kebo za mashine hizi ni nzito. Uzito unaivuta plagi chini, pini za juu zinagusa nusu nusu, na mazungumzo yanakatika. Nikainua, nikangoja, mlio ukalia, umeme ukaingia. Tangu usiku ule nainua kila mahali, na sijakataliwa tena kwa ujumbe ule.

Ila kilichoingia kilikuwa kilowati 38, kwenye mashine iliyoandikwa 150. Ndani ya kabati la mashine kama hii hakuna kifaa kimoja kikubwa. Kuna vipande kadhaa vya kubadilisha umeme, vimepangwa kama droo, kila kimoja na kilowati zake. Vikifa baadhi, vilivyobaki vinaendelea, na mashine bado inahesabiwa kuwa nzima. Kwa mwenye mashine, hiyo ni faida. Kwangu ilikuwa saa moja na dakika 20, na mtoto hajalala.

Mambo mengine ya kasi si ubovu, na nisingependa kuwalaumu kwa hayo. Makabati mengi yana kebo mbili zinazogawana umeme, kwa hiyo jirani akichomeka, 150 inakuwa 75. Mashine ya kilowati 350 nayo haitampa mwenye gari la volti 400 zaidi ya 200 hivi, kwa kuwa kebo zake kwa kawaida hupitisha ampea 500, na ampea 500 mara volti 400 ndizo hizo 200. Betri ikiwa baridi sana, gari lenyewe linakataa kuharakishwa. Ikivuka asilimia 80, linapunguza tena. Haya ni maumbile ya betri na yamo kwenye kitabu cha gari. Mtandao unalaumiwa pale unapotuonyesha kijani mahali palipokufa.

Nilidhani labda bahati yangu ilikuwa mbaya, mpaka nilipolinganisha daftari na utafiti uliofanyika mwaka 2022 katika eneo la ghuba ya San Francisco, Marekani. Watafiti walienda wenyewe kwenye vituo 181 vilivyo wazi kwa umma, wakazijaribu plagi 657 za chaja za haraka, na kuona kama kila moja inaweza kuchaji gari kwa dakika mbili. Zilizofanya kazi zilikuwa asilimia 72.5. Nyingine zilishindwa kwa skrini zisizoitika, malipo yaliyokataa, mawasiliano ya intaneti yaliyokatika, na plagi zilizovunjika. Karibu asilimia 5 zilikuwa na kebo fupi isiyofika kwenye gari. Wangekaa ofisini wakasoma taarifa za seva, wasingeyaona hayo. Walipata ukweli kwa sababu walichomeka.

Serikali zimeanza kuweka masharti. Marekani, kwa vituo vinavyojengwa kwa fedha za mpango wake wa barabara kuu, kanuni za mwaka 2023 zinataka kila plagi iwe kazini asilimia 97 ya muda. Uingereza inataka mtandao wa chaja za haraka ufikishe wastani wa asilimia 99 kwa mwaka. Namba hizo zinapendeza, lakini zipigie hesabu. Asilimia 3 ya mwaka ni saa 263, yaani siku 11 nzima. Na yote inategemea "kazini" imepimwaje. Ikiwa kipimo ni salamu za seva, mashine iliyonikatalia usiku ule ilikuwa kazini muda wote.

Kwa hiyo nimeacha kuangalia kilowati zilizoandikwa. Naangalia idadi ya mashine. Chukua ile asilimia 72.5 ya watafiti. Kwenye kituo chenye mashine moja, madereva 27 kati ya 100 wangekwama. Kikiwa na mashine nne, na kila moja ikiharibika kivyake, uwezekano wa zote nne kukataa haufiki asilimia 1. Ni kweli haziharibiki kivyake kila mara, umeme wa kituo ukikatika zinazimika zote pamoja. Lakini daftari langu linasema hivyo hivyo: kushindwa kote, mara zote 5, kulitokea kwenye vituo vya mashine moja au mbili. Mtandao huu huu una kituo kimoja chenye mashine nane, na nilipita hapo kwenda na kurudi. Kilowati 128 zikaingia, nusu saa na ushei nikatoka asilimia 12 hadi 80. Pana paa, pana taa za kutosha, unalipa kwa kadi bila kujiandikisha popote. Mama aliteremka akanyoosha miguu, binti akakuta watoto wa gari la jirani wakacheza. Kampuni ni ile ile na programu ya simu ni ile ile, na kituo hicho ningekipa nyota tano bila kusita. Ndiyo maana hivi vituo vya mashine mbili vinaniuma. Wanajua kujenga vizuri.

Jambo la kulalamikia zaidi ni ukimya wao baada ya hapo. Programu haina mahali pa mteja kuandika "nimejaribu, imekataa" ili dereva anayefuata aone. Nilipofika nilikoenda niliwaandikia barua pepe yenye namba za mashine, saa, na picha za skrini. Nilijibiwa kwa shukrani za jumla. Ningefurahi kuona alama ya njano tu, na maneno "mara ya mwisho imechaji gari siku fulani". Taarifa hiyo wanayo, kwa sababu kila chaji inalipiwa na risiti inatoka.

Nyota mbili na nusu kwa mtandao mzima. Mwezi ujao narudia njia hii na abiria wale wale. Nimeshapanga: nitachaji kwenye kituo cha mashine nane hata kama betri itakuwa bado na asilimia 40, na sitafika kituo chochote cha mashine mbili nikiwa chini ya asilimia 25, ili wakinikatalia niwe na pa kwenda. Namba ya yule dada wa zamu sina, laini yao ni moja kwa wote, lakini akipokea yeye nitamjua kwa sauti. Leo asubuhi nimefungua programu kuangalia. Zile mashine mbili za usiku ule zote ni kijani.