Basilika ya Bom Jesus, Goa: jeneza la fedha lisikupofushe

Ukishuka basi Old Goa, jimbo la Goa nchini India, utaitambua Basilika ya Bom Jesus kwa rangi yake. Makanisa jirani ni meupe; hili ni jekundu la kahawia, mawe yako wazi. Kutoka Panaji, mji mkuu wa Goa, ni kilomita 10: panda basi la Ponda stendi ya Kadamba, ushuke baada ya kama nusu saa. Kuingia ni bure, ila funika mabega na magoti. Siku za kazi fika saa 3 asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii kutoka ufukweni. Jumapili asubuhi ni ya Misa, mtazamaji asubiri.

Kaburi la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari Mjesuiti, liko upande wa kulia, karibu na altare kuu. Wengi huinua macho kwenye jeneza la fedha, lililofuliwa na mafundi wa Goa wenyewe na kukamilika 1637, wakapiga picha na kuondoka. Jeneza liko juu mno, na kutoka chini mwili hauonekani vizuri. Shusha macho kwenye msingi wa marumaru na yaspi (jiwe la thamani), zawadi ya Cosimo III, mtawala wa Toscana, Italia. Mchongaji Giovanni Battista Foggini wa Firenze aliufanyia kazi miaka 10, ukaunganishwa hapa 1698. Mabamba yake ya shaba nyeusi yanamwonyesha mtakatifu akihubiri, akibatiza, na akifa kisiwani Shangchuan, China, mwaka 1552. Hayo ndiyo ya kusimamia dakika 20, ukihama upande hadi upande kadiri nafasi inavyoruhusu. Msomaji wa pwani akumbuke kwamba mtakatifu huyu, akija Goa mwaka 1542, alitia nanga Malindi na kumzika huko abiria aliyefia melini.

Mwili haujakamilika: sehemu ya mkono wa kulia ilipelekwa Roma 1614, iko kanisa la Gesù. Masalia huteremshwa mara moja kila miaka 10 na kupelekwa Kanisa Kuu la Sé, ng'ambo ya barabara; mara ya mwisho ilikuwa 21 Novemba 2024 hadi 5 Januari 2025. Sikukuu yake, 3 Desemba, na novena (sala za siku tisa) inayoitangulia zinamfaa anayekuja kusali. Anayetaka kuchunguza mabamba achague siku nyingine, maana umati hujaa hadi nje.

Linalosikitisha ni kuta. Jengo lililowekwa wakfu 1605 lilikuwa na lipu ya chokaa kama nyumba za mawe za Lamu, na kwa sababu ileile: jiwe lililo chini ya lipu hunywa maji. Miaka ya 1950 mrekebishaji Mreno aliibandua ili kanisa lionekane la kale zaidi. Tangu hapo mvua za masika ya huko, Juni hadi Septemba, zinaupiga mwamba mwekundu moja kwa moja na kuulainisha. Lipu inapaswa kurudishwa, hata kama wapenzi wa picha wameuzoea wekundu huo. Kwa sasa, ukingoja kivulini nje, usiegemee ukuta.