iSDAsoil kwa mkulima wa Uganda: ramani safi, ila haijui mvua

Ramani hii ya udongo wa Afrika, iliyotoka mwaka 2020, ni ya bure; gharama ni bando tu. Tafuta kijiji chako, sogeza hadi shambani, gusa. Utasoma pH (kipimo cha uchachu wa udongo), kaboni (kipimo cha mboji), naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kiasi cha mfinyanzi na vingine, kwa kina cha sentimita 0–20 na 20–50.

Linganisha kwanza vina hivyo viwili. Udongo mwekundu wa Buganda umechujwa na mvua za karne nyingi, na rutuba yake imekaa kwenye mboji ya juu. Kaboni ikishuka sana tabaka la chini, ujue mmomonyoko mdogo tu unakomba mtaji wote. Hapo migomba yenye matandazo huitunza ardhi kuliko mahindi yanayolimiwa kila msimu. Potasiamu nayo itazame. Kila mkungu wa matoke unaopanda lori kwenda Kampala unaondoka nayo, na maganda hayarudi.

Karamoja, kaskazini-mashariki, ndiko namba zinakopotosha. Udongo mweusi wa tambarare, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, unaweza kusomeka tajiri kuliko wa Masaka kule Buganda, na anayetazama namba peke yake atalima malisho. Lakini Masaka ina misimu miwili ya mvua. Karamoja ina mmoja, tena wa kubahatisha. Ng'ombe huifuata mvua iliponyesha, mtama umekwama ulipopandwa.

Kwenye vilima vya Kigezi, kusini-magharibi, ramani inashindwa kabisa. Kipimo kimoja kinafunika mita 30 kwa 30, chini kidogo ya robo eka, na namba yenyewe ni makadirio ya kompyuta kutokana na sampuli za maabara na picha za setilaiti. Matuta mengi ya ngazi ya Kabale, humo Kigezi, ni membamba kuliko hapo. Ndani ya tuta moja udongo mzuri hujikusanya ukingo wa chini, wa juu ukachoka: maharage ya juu mafupi na ya njano, ya chini yamestawi. Ramani inayachanganya yote na kukupa wastani usiomfaa mtu.

Naipa ramani nyota nne kwa kulinganisha wilaya na wilaya, mbili kwa kuamua mifuko ya mbolea. Kabla ya kununua chokaa au mbolea ya DAP, peleka udongo maabara, mathalani ya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, pale Kawanda. Chota sehemu 15 hadi 20 kwa zigizagi, kina cha sentimita 20, ukikwepa vichuguu na mazizi ya zamani. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki (ya bati huongeza zinki), anika kivulini, toa nusu kilo. Kwenye matuta, ukingo wa juu na wa chini uwe na mfuko wake kila mmoja, na uandike upi ni upi kabla hujaondoka shambani.