Mchanga wa paka wa silika, masika ya Unguja, na muuzaji aliyeniambia nikauanike juani

Mfuko umeandikwa siku 30 kwa paka mmoja. Hapa mjini Unguja, wakati wa masika, haukufika hata nusu, na hiyo nusu nasema kwa kuuonea huruma. Harufu ya mkojo ilianza ukumbini ikaingia vyumbani, na nyumba ya watu wanaosali haiwezi kukaa na najisi inanuka hivyo, eti tufukize udi juu yake. Bei nayo, ukitajiwa unashika kichwa.

Nauzungumzia ule mchanga wa chembe nyeupe za silika, kitu kile kile kinachotiwa kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu. Kazi ya silika ni kunywa unyevu. Chembe zake zina vitundu visivyoonekana kwa macho, na kwenye hewa yenye maji mengi hunywa mpaka karibu asilimia 40 ya uzito wake, kisha basi. Tena haichagui: mkojo wa paka, hewa ya bahari, kwake yote maji. Ukiuweka karibu na dirisha msimu wa mvua, unaanza kushiba paka hata hajaukanyaga. Ukishashiba, mkojo hauna pa kukaa, unateremka chini ya beseni na kutuama. Hapo bakteria wanaivunja urea iliyomo na amonia inatoka. Ile inayochoma pua na macho asubuhi ndiyo hiyo.

Haya yote ningeyameza. Lililonikera ni jibu la dukani. Nilikwenda na mfuko wenyewe, na adabu zangu, nikaeleza. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu. Kanambia: "Mchanga hauna kosa, paka wako mgonjwa huyo. Kauanike juani utarudi mpya."

Juani! Silika ikishashiba inataka joto la nyuzi 100 na zaidi, tena kwa saa kadhaa, ndipo iachie maji. Jua la Darajani saa sita mchana halikaribii hapo. Na hiyo ni silika iliyopata unyevu mtupu. Iliyokwisha kuingia mkojo ukiitia moto, unajipikia amonia jikoni mwako. Mtu anauza kitu kila siku, hajui kinavyofanya kazi, na bado ana ulimi wa kumkata mteja.

Na mfuko wenyewe ulikuwa umeshakufa rafuni kwake. Kipimo chake chepesi: tia kijiko kimoja cha chembe kwenye gilasi, dondoshea matone machache ya maji, tega sikio. Silika kavu hulia, inatatarika, chembe nyengine zinapasuka mbele ya macho yako. Hizi nilizotoa chini kabisa ya mfuko, pasipoguswa, zilikaa kimya. Nikautazama mfuko: kwenye mshono wa pembe pana tundu la kupita sindano. Na yeye mifuko yake anaipanga sakafuni, imeegemea ukuta wa mawe unaotoka jasho kila ikinyesha.

Msema kweli mpenzi wa Mungu: silika yenyewe si mbaya. Kipupwe, hewa ikipungua maji, mwaga tabaka la sentimita 4 hivi, toa kinyesi na ukoroge kila siku, utaona raha yake. Mchanga wake una vumbi kidogo na ni mwepesi kubeba. Chembe zikigeuka njano, mwaga zote. Uliobaki ukae kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, si kwenye mfuko uliokunjwa mdomo.

Kuanzia Machi mpaka Mei, lakini, chukua udongo wa bentonaiti, ule unaoganda madonge. Kina kiwe sentimita 5 hadi 7. Ukipunguza, mkojo unagota chini na donge linanata kwenye plastiki, ukilikwangua linavunjika na harufu inabaki. Chota asubuhi na jioni. Kuchota kila siku kuna faida nyengine: vijidudu vya toksoplazima, vyenye hatari kwa mimba, vinavyotoka na kinyesi cha paka huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Mja mzito asiiguse kazi hii akiwepo mwengine. Na madonge usiyatie chooni, yanavimba na kuziba bomba.

Bentonaiti ikikushinda bei, kuna maranda na unga wa mbao kwa mafundi seremala, mradi ni mkavu na mbao haikutiwa dawa wala vanishi. Huo badilisha wote kila baada ya siku mbili tatu. Mchanga wa pwani achana nao. Una chumvi, chumvi inavuta unyevu, haukauki. Magadi na chokaa, ambavyo watu hunyunyiza wakidhani vinaua harufu, huifukuza amonia itoke kwa kasi zaidi, na chokaa inaunguza nyayo za paka. Beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji moto. Jik hapana: ikikutana na mkojo hutoa mvuke unaoumiza mapafu. Dettol pia hapana, ni sumu kwa paka.

Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota tatu, kwa kuwa kosa si la kiwanda. Lakini kila nikilikumbuka lile neno, "paka wako mgonjwa", nyota zinapungua. Paka kukojoa kupita kiasi kweli ni dalili, ya figo au ya kisukari, na jambo zito hivyo halisemwi ovyo kumfukuzia mteja. Nyota moja, na hiyo ni ya silika, si ya duka. Atakayenunua aombe gilasi ya maji pale pale kaunta, afungue mfuko, adondoshe. Wakimkatalia, aondoke na pesa zake.