TAHADHARI: Barua pepe ya “oda ya parachichi” yenye faili la zipu

Ndugu zangu mnaonunua na kuuza parachichi Rungwe, Njombe na hapa Mbeya mjini, hasa mnaotunza hesabu za vikundi kwenye kompyuta, kuna barua pepe inazunguka. Mimi imeshanipata.

Jumatatu asubuhi nimefika ofisini Mwanjelwa, nakuta ujumbe wa mnunuzi tuliyemuuzia msimu uliopita. Anwani ni yake kabisa, na umekuja chini ya mazungumzo yetu ya zamani ya bei, kama vile anaendelea tulipoishia. Kiswahili cha kuungaunga, lakini mtu akitaka tani kumi nani anamsahihisha sarufi? Kiambatanisho ni zipu, yaani faili linalofungasha mafaili mengine ndani yake, na neno la siri la kuifungua limeandikwa humohumo, eti “kwa usalama wa oda”.

Hapo ndipo ningeshtuka. Faili likifungwa kwa neno la siri, kinga ya virusi haiwezi kuchungulia ndani. Na kufuli ukilituma pamoja na ufunguo wake, unamzuia nani?

Ndani nikaona Oda_Parachichi.pdf, na kialama chake chekundu. Jina kamili lilikuwa Oda_Parachichi.pdf.exe, yaani programu, si waraka. Windows isipobadilishwa huficha ule mkia wa mwisho. Nenda kwenye dirisha la mafaili, sehemu ya View (kwenye Windows 11, View kisha Show), uweke tiki kwenye File name extensions, mikia yote itaonekana. Ujanja wenyewe ni mkongwe: kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilijifanya barua ya mapenzi ya .TXT, kumbe mkia wake ni .vbs, nayo ni programu.

Nikabofya, kimya. Nikabofya tena (ndiyo, mara mbili, mnicheke tu). Kufika saa saba mchana mafaili yote ya malipo ya wakulima yamebadilika majina, hayafunguki, na kwenye skrini kuna maandishi ya kudai pesa. Flashi yenye nakala nilikuwa nimeiacha imechomekwa, nayo ikaliwa. Kilichobaki ni daftari la mizani, na diski ya mwezi uliopita ambayo mwenyekiti hukaa nayo nyumbani kwake Tukuyu. Sijalipa. Mwizi hana risiti, na ukilipa hakuna wa kukuhakikishia kwamba atafungua.

Mnunuzi nilimpigia baadaye. Naye barua pepe yake ilidukuliwa wiki moja kabla. Simu ya dakika mbili kabla ya kubofya ingetosha.

Kwa aliyekwisha kubofya: kata intaneti hapohapo, usichomeke flashi wala diski yoyote, na ubadilishe neno la siri la barua pepe kwa kutumia kifaa kingine. Likija faili la Word au Excel linalokuomba ubonyeze Enable Content ndipo usome, lifute.

Na kama tangu Jumatatu umepata barua yenye kiambatanisho kutoka kwenye anwani yangu, si mimi. Usiifungue, nipigie.